Seva ya Ng'wana Jilala

Aliyeandika yale maelezo ya mtandaoni, "Weka seva yako nyumbani kwa hatua tano rahisi", hajawahi kuishi mtaani kwetu Somanda. Angeishi hapa angejua kwamba hatua ya kwanza ni kusubiri umeme urudi, na ya pili ni kumbembeleza jirani mchomelea mageti apumzike kidogo ili kompyuta isizimike. Zile hatua tano rahisi zilinichukua miezi minne, na nilikonda. Nasema mapema, ili kama kuna mtu anafikiri kazi hii ni ya kukaa kwenye kiti na kubonyeza, aache kufikiri hivyo.

Naitwa Benedikta. Nina duka la stesheneri hapa Bariadi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu ambazo wangeweza kuzijaza wenyewe kama wangesoma kilichoandikwa juu yake. Baba yangu ni Jilala, na kama umevuka miaka hamsini na umekulia mkoa huu wa Simiyu, jina hilo unalijua. Alikuwa ningi wa Bagalu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Kila mwaka pamba ikishauzwa, Bagalu na wapinzani wao Bagika walikutana uwanjani. Kundi moja lilisimama upande huu, jingine upande ule, wakacheza kwa wakati mmoja na kutukanana kwa nyimbo, na watu wakaenda walikovutwa. Hapakuwa na majaji wa kuinua vibao. Mwenye umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Baba alivuta umati miaka kumi na miwili, halafu mwaka 1994 akaacha ghafla. Aligawa ngoma zake, akarudi kulima, na hakuniambia kwa nini.

Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza na maneno yakaisha kabisa. Anaelewa kila kitu, hasa yale ambayo hutaki ayaelewe, lakini kusema hawezi. Mama alishatutoka zamani, na mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Siku moja tunakula mchana nikagundua kwamba nimeanza kuisahau sauti yake. Hilo liliniuma kuliko kiharusi chenyewe. Nikaamua kuzitafuta nyimbo zake popote zilipo, nizitie kwenye kompyuta, azisikie akiwa hai, na kila anayezitaka azipakue bure kwenye simu yake. Nilichotaka ni hicho tu. Sikutaka kugombana na mtu.

Ningeweza kuziweka kwenye mitandao ya wenye nguvu zao huko duniani. Nilijaribu. Kipande kimoja, ambacho mjomba mmoja alikuwa nacho kwenye simu, kiliondolewa ndani ya siku tatu kwa madai kwamba haki za wimbo ni za mtu mwingine. Baba yangu mzazi ameutunga akipalilia pamba, halafu haki anazo mtu mwingine. Nikauliza ni nani, nikajibiwa na mashine. Hapo ndipo nilipoapa kuwa na seva yangu mwenyewe, yaani kompyuta inayokaa macho saa zote, ikingoja mtu yeyote aliye popote abishe hodi na kuomba faili. Nilinunua kompyuta ya mezani iliyochakaa kwenye mnada wa ofisi moja, nikafuta vyote vilivyokuwa ndani, nikaijaza programu huria. Hizi ni programu ambazo watu wamezitengeneza na kuziacha wazi, kila mtu azitumie na kuzirekebisha bila kumlipa yeyote. Nawashukuru sana watu hao. Ila wanapoandika "ni rahisi", wawe na huruma.

Seva ikawaka, na nyimbo hazipo. Baba hakubaki na kaseti hata moja. Wazee wa Bagalu walioko Binza walinipa mbili, zote zimenyeshewa, ukizicheza unasikia maji. Kila niliyemuuliza aliniambia neno moja: nenda Mwandoya kwa Machibya. Na Machibya alikuwa ningi wa Bagika, mtu aliyemtukana baba yangu kwa nyimbo ujana wake wote. Nilidhani wananitania. Kumbe enzi hizo kila upande ulikuwa unamrekodi mwenzake, ili wakifika nyumbani wasikilize matusi vizuri na kutunga majibu kabla ya kukutana tena. Kwa hiyo sauti ya baba yangu ilikaa miaka thelathini ndani ya sanduku la bati la adui yake, imefungwa kwa kanga, haijaingiwa hata na mchwa.

Nilimkuta Machibya ana miaka sabini na nane, amenyooka, ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Aliponitazama tu alijua mimi ni wa nani. "Ng'wana Jilala," akaniita, mtoto wa Jilala, na hadi leo jina langu la ubatizo hajalitamka. Kaseti tisa alikuwa nazo. Alikubali kunipa, kwa sharti kwamba nyimbo za Bagika zisikae kwenye mashine moja na za Bagalu. Nilimweleza kwa adabu kwamba mashine ninayo moja tu. Akasema basi ninunue ya pili. Nikamwambia, baba, mbona kwenye kaseti zimekaa pamoja miaka yote hii? Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Kaseti ina upande wa kwanza na upande wa pili," akasema.

Nilirudi Bariadi nimenuna. Nikatengeneza kurasa mbili, wa Bagalu wa kijani na wa Bagika mwekundu, kila mmoja na anwani yake, bila njia ya kutoka huku kwenda kule. Nyuma yake ni diski ileile moja, na faili zimelala pamoja, lakini hilo sikulitaja. Mkwe wa Machibya, Nancy, ambaye ana duka la vipodozi pale Mwandoya na simu kubwa, alimfungulia kurasa zote mbili akazikagua. Mzee akaleta kaseti ya kwanza. Akasema nyingine atazileta moja moja, akiona mambo yanakwenda vizuri.

Niliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, nikaurekodi ule mkanda, nikaupitisha kwenye programu ya kupunguza mikwaruzo. Kisha nikamchezea baba. Mtu wa miaka arobaini akatoka kwenye spika, anaringa, anawaambia Bagika kwamba jembe wanalotamba nalo wameliazima kwa mashemeji. Baba alicheka. Tangu augue sikuwa nimeuona uso wake ukicheka hivyo, upande mmoja tu, na vidole vya mkono wa kushoto vikagonga ubao wa kitanda bila kukosea hata pigo moja. Nilitoka nje nikasimama ukutani mpaka nilipotulia. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi na nne.

Kosa lilikuwa langu, nalikiri. Ile programu ya kuweka nyimbo ilikuja na kihesabio, kinamba kidogo chini ya kila wimbo kinachoonyesha umepakuliwa mara ngapi, na jumla yake juu ya ukurasa. Sikukitoa. Nilikiona kama pambo. Nilisahau kwamba nimezaliwa na ningi, katika mkoa ambao mshindi anajulikana kwa kuhesabu waliosimama upande wake. Wiki ya pili Nancy alipiga simu. Akasema mzee anasalimia, na anauliza kwa nini Bagalu wana mia mbili na kumi na mbili, na Bagika wana tisini.

Nilimwambia ni namba tu. Akaenda kumwambia. Akarudi kwenye simu akasema mzee anasema hata umati ni namba tu.

Kuanzia hapo nikakosa amani. Bagika wa Mwandoya wakaanza kupakua. Bagalu wa Binza wakasikia, nao wakaanza. Mtu mmoja anapakua wimbo uleule mara arobaini, anaufuta, anaupakua tena. Kompyuta yangu ya mnada, ambayo iliumbwa kwa ajili ya kuandika barua, ikawa inapumua kwa shida, feni inalia hadi wateja dukani wanauliza kama kuna mashine ya kusaga huko nyuma. Niliwapigia niliowajua. Niliwaeleza kwamba ukishapakua mara moja wimbo ni wako, unakaa kwenye simu yako, unaweza kuusikiliza hata bila bando, unaweza kumtumia mwenzako, na huko ndiko kupakua. Mzee mmoja wa Binza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi nilishawahi kuona mtu anakwenda uwanjani akapiga vigelegele mara moja tu na kurudi nyumbani. Nilikata simu kwa heshima niliyobakiza.

Bagalu walizidi kuwa mbele, kwa sababu Binza ni mjini, na mtandao wake ni mzuri kuliko wa Mwandoya. Machibya hakuliona hivyo. Aliona kwamba mashine imelala nyumbani kwa Jilala, na akajua kuna kitu kimefanywa. Siku ya mnada wa ng'ombe alifika mwenyewe, akabisha hodi, akamsalimia baba kwa Kisukuma salamu zote kwa mpangilio bila kuruka hata moja, kisha akaomba kuonyeshwa seva. Akataka ninyanyue kompyuta aone chini yake. Nikanyanyua. Akataka nisogeze meza. Nikasogeza. Akachuchumaa, miaka sabini na nane, akakwangua sakafu ya saruji kwa ukucha kuona kama imezibwa karibuni. Kisha akaingiza mkono nyuma ya rauta, kile kisanduku cha intaneti, akatoa kipakiti kidogo cheupe chenye chembechembe ndani.

Ni vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nilikiweka mwenyewe msimu wa mvua. Nilimwonyesha maandishi yaliyopigwa kwenye kipakiti, kwamba kisiliwe. Akasema ndiyo, dawa ya kuvuta umati huwa hailiwi. Ilibidi nikitupe chooni mbele yake ndipo akakubali kunywa chai. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni akitazama hayo yote, na macho yake yalikuwa na raha ambayo sikuipenda.

Alipoondoka nilikizima kihesabio. Nikasema liwalo na liwe, sasa watu watasikiliza nyimbo kwa ajili ya nyimbo. Baada ya wiki mbili hakuna aliyepakua kitu, si Bagika wala Bagalu. Hakuna hata aliyefungua ukurasa. Na kaseti, ambazo zilikuwa zimeshafika tatu, ya nne haikuja. Nancy, ambaye kufikia hapo alikuwa amechoka kama mimi, aliniambia mzee amesema hawezi kupeleka nyimbo mahali ambapo haoni watu. Nikakiwasha tena. Kesho yake feni ikaanza kulia na kaseti ya nne ikafika na basi, imefungwa kwenye gazeti.

Basi tukaenda hivyo, miezi. Kaseti ikija, narekodi, nasafisha, naweka, wanagombana, nanyamaza. Kila moja baba aliisikiliza kwa vidole vyake juu ya ubao. Tukafika nane. Ya tisa haikuja.

Nilikuwa na karatasi nilipoandika orodha ya kaseti, mahali na mwaka, jinsi Machibya alivyonitajia. Nilimpa baba aangalie. Alipita na kidole cha mkono wa kushoto mpaka mstari wa mwisho, Bukundi 1994, akaugonga. Akanitazama, akaugonga tena. Akaugonga mara ya tatu. Sikuhitaji maneno. Wakati huo alikuwa amedhoofika, ugali anakula nusu, na daktari alikuwa ameniambia kiharusi kikirudi mara ya pili hatapona. Nyingine nane zilikuwa za kumfurahisha. Hii ndiyo aliyoitaka, na muda haukuwepo.

Nilimpigia Machibya mwenyewe. Nilimwambia hali ya baba bila kuficha. Kisha akasema ataileta kama ifikapo mwisho wa mwezi Bagika watakuwa mbele. Nilimweleza baba sharti hilo, kisha nikatazama kurasa: Bagalu elfu tatu na mia moja, Bagika elfu moja na mia tisa. Zimebaki siku kumi na nane. Nilielewa kwamba lile si sharti, ni namna ya mtu mzima ya kukataa. Nilikasirika kiasi kwamba niliitoa kopi ya cheti cha mteja mara tano badala ya moja.

Nawaambia ukweli, nilifikiria kudanganya. Seva ni yangu, programu iko wazi, kihesabio ni mstari mmoja tu kwenye faili. Naandika namba ninayoitaka, nahifadhi, basi, Bagika wameshinda. Siku ya tatu, mchana, nikafunga duka nikaketi kuifanya kazi hiyo. Nikafungua kwanza kumbukumbu za seva, pale panapoandikwa kila aliyepakua, saa ngapi na kutoka anwani gani. Nikaona kwamba Bagika wamepanda. Wamepanda mia nne na kitu kwa siku tatu. Na karibu zote zimetoka kwenye anwani moja, ya ndani, ya waifai ya nyumba hii.

Nikadhani ni wateja. Kuna mmoja, mwalimu, kwao Mwandoya, kila akija kutoa kopi anakaa mno. Nikabadilisha nywila ya waifai. Kesho yake Bagika wakapanda tena, anwani ileile ya ndani. Mwenye nywila mpya nilikuwa mimi peke yangu, na simu mbili nilizoziweka kwa mkono wangu. Moja yangu. Nyingine ile niliyomnunulia baba ili asikilize nyimbo zake.

Nilikwenda chumbani kwake nikasimama mlangoni. Alikuwa ameegemea mto, simu juu ya goti, kidole gumba cha kushoto kinafanya kazi. Anapakua wimbo wa Machibya. Ukimaliza, anaufuta. Anapakua tena. Hakuwa anausikiliza hata kidogo.

"Baba, hao ni Bagika," nikamwambia.

Aliinua macho kidogo, kama fundi aliyekatizwa katikati ya kazi, kisha akaendelea. Nilisema mengi pale. Nilisema nimehangaika miezi minane, nimeitwa mchawi kwa sababu ya kipakiti cha viatu, kompyuta iko karibu kufa, na kumbe adui yumo ndani ya nyumba anakula ugali wangu. Aliningoja nimalize. Kisha akaichukua ile karatasi pembeni ya mto, akaiweka mbele yangu, akagonga mstari wa Bukundi. Nikaelewa kwamba baba yangu anainunua kaseti kwa njia pekee aliyobakiwa nayo. Sikumsaidia kubonyeza, hilo sikuweza, maana na mimi ni wa Bagalu. Ila chaja nilimletea.

Siku ya mwisho wa mwezi Bagika walikuwa mbele kwa thelathini na moja. Machibya alifika kabla ya saa sita mchana, peke yake, na kifuko cha plastiki mkononi. Nilitegemea atatamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa majivuno yake, nina majibu yangu tayari. Hakutamba. Alikataa kiti, akakataa chai, akasimama na kifuko chake katikati ya chumba cha baba, halafu akasema hii kaseti ameileta isikilizwe na Jilala peke yake. Isiingie kwenye mashine. Na mimi nitoke nje.

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilimwambia hakushinda. Nilimwambia kwamba waliompa ushindi si watu wake wa Mwandoya, ni huyu mgonjwa hapa kitandani, kwa kidole kimoja, siku kumi na nane mfululizo, na kama anataka kuirudisha kaseti yake Mwandoya airudishe, mimi sitoki kwenye nyumba yangu. Nilipomaliza nikajua nimeharibu kila kitu.

"Nilijua," akasema Machibya. "Mwandoya watu wangu walishakata tamaa. Nani mwingine angenipa?"

Kisha akakaa. Akakiweka kile kifuko mapajani, akawa anakikunja na kukikunjua.

"Ng'wana Jilala, hii sikuificha kwa ajili ya Bagika," akasema. "Niliificha kwa sababu yako."

Baba aligonga ubao wa kitanda mara moja, kwa nguvu. Nikaichukua kaseti, nikaitia kwenye redio.

Ilianza na baba. Alikuwa katika ubora wake, anawaimba ng'ombe wa Machibya waliokonda hadi kunguru wanawapita bila kutua, na umati unacheka, unasikia kabisa watu wanakimbilia upande wake, vumbi, filimbi, wanawake wanapiga vigelegele. Kisha sauti ya Machibya ikaingia, taratibu, bila haraka. Aliimba kwamba Jilala ana ngoma nne na mtoto mmoja, naye wa kike. Kwamba mganga na daktari wote wameshamwambia mkewe basi, hatazaa tena. Jilala akifa sauti yake ataibeba nani? Binti ataolewa, atakwenda nayo kwa mumewe, ataichochea jikoni pamoja na kuni. Umati ukalipuka. Kilikuwa kicheko kirefu, na ndani yake unasikia miguu ikihama, mamia ya miguu, inatoka upande wa baba inakwenda upande wa Machibya. Halafu kukawa kimya cha kumngoja Jilala ajibu, kama ilivyo desturi. Hakujibu. Mkanda ulivuma tu mpaka mwisho.

Mwaka huo nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimeachwa nyumbani na bibi, na ninakumbuka baba alivyorudi kutoka Bukundi akanibeba mabegani hadi kisimani bila sababu. Siku zote nilidhani alikuwa amefurahi.

Machibya alikuwa anatazama sakafu. Alisema habari ya mama aliipata kwa watu, na alijua ni kweli, na aliitunga hivyohivyo. Alisema alishinda siku ile kuliko siku zote, na tangu siku ile hakupata tena mtu wa kuimbana naye. Hasira yangu ya miezi minane, ambayo nilikuwa nayo tele kwa mambo ya kipuuzi, haikutosha kwa jambo hili.

Baba alizungusha kidole hewani. Anataka irudiwe. Nikarudisha mkanda. Tukausikia tena wimbo wa Machibya wote, na kicheko chote, na miguu yote. Kikafika kile kimya. Baba akajiinua kwenye mto kwa mkono wake mmoja. Akageuza uso kwa Machibya, akahakikisha anamtazama. Kisha akanyoosha kidole cha kushoto, akakielekeza kwangu, na akakiacha hapo, mkanda unavuma, mpaka redio ikajizima.

"Anasema ni wewe," akasema Machibya, kana kwamba ni mimi niliyehitaji kutafsiriwa.

Nikamwambia najua, nimeona, sijapofuka. Nililia nikisema hivyo. Machibya akajifuta uso kwa kile kifuko cha plastiki, ambacho hakifuti kitu, akaniambia niiweke kaseti yote kwenye mashine, pande zote mbili, watu wapakue wasikie alichokisema yeye, na chini yake niandike jinsi alivyojibiwa leo. Nikamuuliza niiweke kwenye ukurasa wa nani. Alifikiri kidogo.

"Weka kwa Jilala," akasema. "Pale ameshinda yeye."